Chupa Iliyotoka Mombasa na Mikono ya Mwenyeji Wetu

Tulikwenda Awendo kuhudhuria nikahi. Bwana arusi ni kijana wa aila ya Kisauni iliyohamia bara kwa biashara ya vitambaa, na nyumba tuliyofikia ilikuwa ya dada yake mkubwa, ambaye mumewe ana duka karibu na stendi. Awendo, kwa asiyeijua, ni mji wa miwa katika kaunti ya Migori, kwenye barabara kuu itokayo Kisii na Rongo kuelekea mpaka wa Tanzania. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho wenyeji hukiita Sony tu, ndicho kilichoukuza. Trekta zenye matela ya miwa hupita tangu alfajiri, na watoto hukimbia nyuma yake wakinyofoa bua moja moja.

Alfajiri ya kwanza tuliamka kwa adhana tukasikia maji yakimwagika jikoni kwa muda mrefu. Mwenyeji wetu alikuwa ameketi kwenye kibao, mikono yake imo ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, na binti yake wa miaka kumi na mitatu amesimama karibu naye ameshika birika. Mama alikuwa akisubiri vidole vikubali kukunjika. Binti alimmiminia maji akatawadha, akamfunga mtandio, kisha mama akasali juu ya kiti. Alipoona tunamtazama alicheka. "Mikono yangu," alisema, "huamka saa mbili baada yangu mimi."

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, vya mkono wa kulia sawasawa na vya kushoto. Kwenye rafu, nyuma ya kopo la iliki, palikuwa na chupa ya kioo cheusi yenye maandishi ya dhahabu. Mdogo wake aliye Mombasa alikuwa ameituma kwa basi, pamoja na ujumbe wa simu kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua dawa ya mafuta inayokwenda moja kwa moja kwenye viungo bila ya kugusa mahali pengine, na kwamba vidonge vya hospitali ni sumu. Jina la ugunduzi huo lilikuwa limeandikwa juu ya chupa kwa Kiingereza: ni bidhaa ya liposomu. Bei yake, tuliambiwa kwa sauti ya chini, ilizidi kodi ya duka ya mwezi mzima. Na tangu ilipofika, karibu mwezi sasa, mwenyeji wetu alikuwa ameviacha vidonge vyake.

Tuliporudi Mombasa tuliona kwamba suala hili si la nyumba moja. Chupa za namna hii tumeziona katika majumba mengi, na ujumbe wa simu kama ule umetufikia sisi wenyewe zaidi ya mara moja. Hivyo tuliamua kuuliza jambo hili kwa utulivu: liposomu ni kitu gani, inaponya nini, na je, imefika kwenye maradhi ya viungo?

Tuanze na maradhi yenyewe. Watu wetu huyaita yote baridi yabisi, na jina hilo hubeba mzigo mzito kupita kiasi. Goti la bibi aliyetimiza miaka sabini, lililochakaa kwa umri na kazi, ni jambo moja. Maradhi ya mwenyeji wetu ni jambo jingine, na madaktari huyaita rumatoidi athraitisi. Hapa kiungo hakikuchakaa. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, imekosea adui, ikaushambulia utando mwororo unaovifunika viungo kwa ndani. Utando ule huvimba, hujaa seli za kinga, na mwaka baada ya mwaka hula gegedu na mfupa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nayo, na kiasi cha asilimia 70 kati yao ni wanawake. Baridi ya asubuhi haiyaleti maradhi haya, wala maji ya kisima, wala kufua usiku, ingawa mama wa watu amelaumiwa kwa yote matatu.

Alama zake zinajulikana. Viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba pande zote mbili. Ugumu wa asubuhi hupita nusu saa, mara nyingi hufika saa nzima au zaidi. Tena kuna uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mwenye hayo kwa wiki kadhaa na aonwe na daktari mapema, kwa sababu mfupa ukishaliwa haurudi.

Dawa iliyo msingi wa tiba duniani kote ni ya bei nafuu na ya miaka mingi, nayo ni methotreksati. Humezwa mara moja tu kwa wiki, na huandamana na vidonge vya asidi ya foliki vya kupunguza madhara yake. Hapa tunasimama kidogo, maana kosa la kuimeza kila siku limewaua watu katika nchi nyingi. Dawa hii ina siku yake moja, na siku hiyo iandikwe kwenye kisanduku. Katika nyumba zetu zenye watu wengi, ambapo mtoto humletea mama dawa na shangazi humkumbusha tena jioni, kosa hilo ni jepesi kutokea. Anayeitumia hupimwa damu na ini kila baada ya muda, na mwezi wa Ramadhani si kikwazo chake, kwa kuwa dozi ya wiki humezwa baada ya kufuturu.

Dawa nyingine ni za jamii ya steroidi, kama prednisoloni. Hizi hutuliza haraka, mara nyingine ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Steroidi ikimezwa huenea mwili mzima: huingia kwenye kiungo kilichovimba, lakini huingia pia kwenye mifupa ikaidhoofisha, huipandisha sukari ya damu, huuvimbisha uso, hulegeza kinga. Na aliyeitumia kwa muda mrefu haruhusiwi kuikata ghafla. Daktari hutamani nguvu ile ifike kwenye kifundo cha kidole tu, iuache mwili uliobaki. Tamaa hiyo ndiyo iliyowapeleka watafiti kwenye liposomu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika taasisi ya Babraham karibu na Cambridge, Uingereza, mtaalamu wa damu aitwaye Alec Bangham alikuwa akichunguza shahamu iliyotolewa kwenye kiini cha yai. Aliichanganya na maji, akaitazama kwa darubini ya elektroni. Mama yeyote aliyekamua tui anajua kwamba mafuta na maji havikai pamoja: tui likitulia, mazito hupanda juu. Lakini shahamu ile, ya aina iitwayo fosfolipidi, ina tabia mbili katika chembe moja. Kichwa chake hupenda maji na mkia wake huyakimbia. Ikitiwa majini hujipanga yenyewe safu mbili, mikia ikielekeana ndani na vichwa vikitazama maji, kisha safu hizo hujikunja zikawa vifuko vya mviringo vilivyofungwa, na ndani yake mna maji. Ukuta wa kila seli ya mwili wetu umejengwa kwa mpango huo huo. Bangham na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1964, na baadaye vifuko vile vikapewa jina la liposomu.

Vilivyo vidogo kati ya vile vya dawa ni vidogo kweli: ukivipanga elfu kumi kwa mstari mmoja, huenda vikajaza milimita moja tu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Gregory Gregoriadis na wenzake wakatoa wazo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hukulifikiri wewe: kama kifuko kinaweza kubeba maji, kinaweza pia kubeba dawa. Dawa ipendayo maji huwekwa ndani, na ipendayo mafuta huwekwa ukutani. (Kuna msomaji atakayeuliza shahamu hii hutoka wapi. Kwa kawaida husafishwa kutokana na soya au kiini cha yai, au hutengenezwa maabarani. Anayetaka uhakika wa dawa fulani na amwulize mfamasia kilichoandikwa kwenye karatasi yake.)

Wazo hilo liliingia hospitalini. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa katika liposomu ili ipunguze madhara kwa moyo. Lakini kwetu Afrika Mashariki liposomu iliyookoa watu wengi ni nyingine, na habari yake inapita karibu sana na Awendo.

Kaunti za Migori na Homa Bay zimebeba mzigo wa virusi vya UKIMWI mzito kuliko karibu sehemu zote za Kenya. Ni Homa Bay ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali bila ya malipo mwaka 2001, wakati ambapo wengi waliona jambo hilo haliwezekani kijijini. Miongoni mwa maradhi yaliyowaua wagonjwa waliochelewa kufika ni homa ya utando wa ubongo iletwayo na kuvu aitwaye kriptokoka. Dawa yake ya zamani, amfoterisini B, ilikuwa na nguvu na ilikuwa na ukali pia. Mgonjwa alitundikiwa dripu siku baada ya siku, akatetemeka kwa homa, na figo zake zikalemewa.

Amfoterisini hiyo hiyo ikifungwa ndani ya liposomu huwa pole zaidi kwa figo, na kwa hiyo huweza kutolewa kwa wingi kwa mara moja. Jaribio lililoitwa AMBITION lilifanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2022. Wagonjwa 814 walihesabiwa. Nusu yao walipewa tiba ya kawaida ya siku saba za dripu, na nusu wakapewa dripu moja tu kubwa ya liposomu, pamoja na vidonge. Baada ya wiki kumi waliofariki katika kundi la dripu moja walikuwa asilimia 24.8, na katika kundi jingine asilimia 28.7, na waliopatwa na madhara makubwa ya dawa walikuwa wachache zaidi katika kundi la dripu moja. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza tiba hiyo. Kwa mama anayemwuguza mwanawe hospitalini huku watoto wengine wako nyumbani, kuna tofauti kubwa kati ya dripu moja na dripu saba.

Dawa hiyo hiyo hutumika pia kwa kalazaa, maradhi yanayoletwa na usubi huko Baringo, Pokot Magharibi na Turkana. Mama mjamzito mwenye kalazaa hawezi kupewa sindano za kawaida za antimoni kwa sababu ya hatari kwa mimba yake, hivyo liposomu huwa ndiyo njia yake. Tulikumbuka jambo hili baadaye, tulipojua lililokuwa moyoni mwa mwenyeji wetu.

Basi liposomu si porojo. Ni dawa ya kweli, inayofanya kazi katika hospitali za nchi jirani na za kwetu. Na je, kwa viungo?

Hapa pia kuna ukweli ndani ya ujumbe ule wa simu, na ndiyo maana unanasa. Kiungo kilichovimba kina mishipa midogo ya damu iliyolegea, inayovuja. Kifuko kidogo kinachozunguka damuni kwa muda mrefu hupenya kwenye matundu hayo kikanaswa mle ndani, na seli walaji zilizojaa kwenye kiungo hukimeza pamoja na dawa yake. Mwaka 2003 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio la panya waliotiwa maradhi ya viungo. Sindano moja ya prednisoloni iliyofungwa katika liposomu iliondoa uvimbe kabisa kwa karibu wiki nzima. Kiasi hicho hicho cha prednisoloni bila ya kifuko hakikuupunguza.

Habari hiyo inafurahisha, nasi tulifurahi tulipoisoma. Lakini panya si mama wa Awendo. Miaka ishirini na zaidi imepita, majaribio kwa binadamu yamefanywa machache, na hadi leo hakuna dawa ya liposomu iliyoidhinishwa kutibu maradhi haya. Sababu zinaeleweka. Dawa ya namna hii huingia kwa dripu ya mshipa, si kwa mdomo. Hutengenezwa kwa gharama, na nyingine hudai friji isiyozimika. Sehemu kubwa ya vifuko huishia kwenye ini na bandama, na baadhi ya wagonjwa miili yao huvikataa dripu inapoanza tu. Kisha inabidi ishindane na kidonge cha bei nafuu kinachomezwa nyumbani mara moja kwa wiki.

Turudi kwenye chupa. Kilichomo, kwa mujibu wa maandishi yake, ni dondoo la manjano na vitamini. Hatusemi kwamba haina liposomu ndani yake. Inawezekana zimo, na kwa vitamini fulani huenda zikasaidia kidogo kupita utumboni. Lakini kinachoingia kwa mdomo hukutana na asidi ya tumbo, kisha na nyongo, na kazi ya nyongo ni kuyavunja mafuta vipande vipande kama sabuni inavyoyavunja kwenye sufuria. Kifuko kile cha panya wa Utrecht kilitiwa damuni. Kinywaji cha kijiko hakifiki kwenye kifundo cha kidole kikiwa kizima, na neno lililo juu ya chupa limeazima heshima ya dawa nyingine.

Kuna hatari iliyo mbaya kuliko ya kupoteza fedha. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mara kadhaa kuhusu virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa jina la Artri King. Maabara iligundua ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambayo ni steroidi kali, na hakuna hata moja iliyotajwa kwenye lebo. Watu walipata nafuu ya ajabu, wakadhani mitishamba imewaponya, na walipoacha ghafla miili yao ikaanguka. Kwa hiyo dawa "ya asili" ikiyaondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili, furaha hiyo inahitaji kutiliwa shaka. Ya mwenyeji wetu haikumpa nafuu yoyote, na kwa kiasi hicho tulimshukuru Mungu.

Jioni ya mwisho, wanaume walipokwenda msikitini, tulimwuliza kwa nini hasa aliviacha vidonge. Alikaa kimya akichagua mchele. Kisha akasema kwamba anataka mtoto mwingine. Binti yake ana miaka kumi na mitatu na hana ndugu. Mtu fulani alimwambia kwamba methotreksati huharibu mimba, naye hakuthubutu kumwuliza daktari mbele ya watu waliojaa chumbani, tena daktari mwanamume. Chupa ilipofika ikawa mlango.

Aliyemwambia hakukosea. Methotreksati huweza kuiua mimba au kumlemaza mtoto, na mwanamke anayeitumia hupaswa kuzuia mimba, na kuiacha miezi kadhaa kabla ya kushika, kwa muda atakaopangiwa na daktari. Jambo hilo lilipaswa kuelezwa siku ile ya kwanza alipoandikiwa dawa, pamoja na mumewe, kwa faragha. Kile ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba zipo dawa nyingine, zenye umri mrefu vilevile, ambazo mwanamke anayetaka mimba anaweza kuendelea nazo: salfasalazini ni moja, na haidroksiklorokwini ni nyingine, ambayo macho hupimwa kwa ajili yake. Hakuwa na haja ya kuchagua kati ya mikono yake na mtoto.

Tulizungumza na mumewe kesho yake kabla ya basi kuondoka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema hakujua, na akasema atakwenda naye Migori mwenyewe. Madaktari bingwa wa maradhi haya ni wachache mno nchini na wengi wako Nairobi, lakini daktari wa kawaida wa hospitali ya kaunti anaweza kuanzisha tiba na kuandika barua ya rufaa, na muuguzi mwanamke anaweza kuombwa akae chumbani. Kuomba hivyo si utovu wa adabu.

Tulimpigia simu wiki iliyopita. Walikwenda wote wawili. Amebadilishiwa dawa, ameambiwa asubiri miezi miwili au mitatu kabla ya kuona nafuu kamili, na kuhusu mimba ameambiwa asiharakishe mpaka mabaki ya dawa ya kwanza yaishe na uvimbe utulie. Asubuhi bado ni nzito. Binti bado anashika birika. Tulimwuliza kuhusu ile chupa, akasema ingali palepale nyuma ya kopo la iliki, kwa sababu mdogo wake anakuja kuwatembelea likizo hii na hataki aikose akaumia moyo. Atamweleza polepole, alisema, wakishakunywa chai.